Kioo Kilichoota Chokaa

Fundi Libérat alikuwa na jicho moja tu la kutegemea, na hilo moja alikuwa amelitolea ushuhuda kanisani mbele ya watu mia tatu. Hapo ndipo shida yote ilipoanzia. Mtu akipona kimyakimya anaweza kuugua tena kimyakimya, lakini aliyepona kwa vigelegele, kwaya ikasimama na ngoma zikapigwa, huyo amejitafutia kazi.

Jicho la kushoto liliuliwa na surua angali mtoto huko Burundi, miaka mingi kabla familia yao haijavuka mpaka mwaka 1972 na kupewa shamba katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, karibu na Mpanda mjini. La kulia lilimtumikia vizuri. Alishona nalo suruali za nusu ya Katumba mpaka mtoto wa jicho alipokuja kuliziba. Kufikia mwaka 1995 alikuwa anatambua watu kwa kikohozi, na cherehani imefunikwa gunia. Kisha, Juni 1996, wakaja madaktari wa macho, Wazungu watatu na wauguzi wetu, wakapiga kambi kwenye ukumbi mmoja pale Kawajense. Walitoa ule weupe, wakaweka mahali pake kioo cha plastiki kidogo kuliko punje ya mahindi. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, Libérat alihesabu misumari kwenye boriti za ukumbi, akalia mbele za watu bila aibu.

Watu kumi na mmoja wa Katumba walitibiwa mwaka ule. Na kanisani kwao, mtu akitendewa jambo halali nalo. Mchungaji Anicet, mtu mpole lakini mpenda mambo makubwa, alimwita Libérat mbele, akampa sindano na uzi. Libérat akatunga mara moja. Kanisa likalipuka. "Yesu amefungua macho!" wakaimba, na wimbo ukaendelea mpaka watoto wakasinzia. Kioo cha plastiki hakikutajwa. Daktari alitajwa kidogo, katikati ya maombi ya viongozi na ya mvua. Tangu Jumapili ile sindano ikawa desturi. Wote kumi na mmoja walipita mbele mmoja baada ya mwingine wakatunga uzi, hata mzee wa kanisa Salvatori, ambaye mikono yake ilitetemeka akakosa mara nne, na Immaculata wa kwaya, aliyetunga huku anaimba sauti ya pili.

Ukungu ulianza mwishoni mwa 1998, na mvua za kwanza. Libérat alisafisha kioo cha dirisha. Akaulaumu moshi wa jikoni, kisha akaulaumu uzi mweusi wa siku hizi ambao, alisema, haushiki rangi. Siku moja alimpimia Mchungaji mwenyewe koti, akaona uso wake umekaa kama umefunikwa chandarua. Hapo akajua.

Nyie mnaweza kusema, si angekimbilia hospitali? Subirini. Kwa hesabu ya kanisa lile, mtu aliyefunguliwa macho na Yesu akianza kufumba tena, basi kuna jambo amelifanya. Ameanguka. Na aliyeanguka hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, hali Meza ya Bwana mpaka atubu hadharani aseme alichofanya. Libérat alikaa na cherehani yake akazipekua dhambi zake zote. Alipata moja ya maana. Alipowashonea kwaya sare, kilibaki kitambaa kizuri cha buluu, naye hakukirudisha. Alijishonea chupi mbili. Alifunga siku tatu bila kula. Na kwa kuwa chupi hairudishwi, aliwashonea kwaya nzima kola mpya bila malipo, wakamsifu kwa ukarimu wake. Ukungu haukusogea hata kidogo. Akazidi kujiona mchafu.

Basi akaanza kuficha. Alichomoa uzi mmoja mwembamba kwenye waya wa breki ya baiskeli, akaukunja kitanzi. Kile kitanzi kiliingia kwenye tundu la sindano kwa kupapasa tu, kikauvuta uzi, na kwa wiki chache za mazoezi aliweza kufanya hivyo akiwa anazungumza na mteja. Mishono aliifuata kwa kucha ya kidole gumba. Mficha maradhi, kilio humfichua, wanasema. Lakini Libérat aliona bora kilio kuliko benchi la nyuma.

Aliyekaa naye karibu kuliko wote hakuweza kumgundua. Huyo alikuwa dada yake mkubwa, Prisila, mjane, aliyejengewa nyumba uani kwake. Macho yake yote mawili yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho kwa miaka saba. Kati ya mlango wake na choo Libérat alikuwa amemfungia kamba, na kamba ile ndiyo ilikuwa barabara yake, soko lake na shamba lake. Mwaka 1996 madaktari walipokuja aligoma. "Mtu aniingizie kisu jichoni nikiwa hai? Nikifa watafanya watakavyo." Lakini miaka ilivyokwenda alikuwa analainika. Alipenda kukaa karibu na cherehani kaka yake akishona, asikilize inavyokimbia, na alisema mara kwa mara kwamba cherehani ile ndiyo inamhubiria kuliko Anicet.

Februari 1999 Libérat alishindwa. Alikwenda Mpanda kwa siri kumwona Masele, muuguzi wa macho, Msukuma mrefu aliyekuwepo kambini ile mara ya kwanza. Masele alimmulika kwa tochi, akakuna kidevu.

"Hii nimeisoma," alisema. "Nyuma ya kioo kuna kiwamba, kingozi chembamba. Daktari hukiacha makusudi ili kioo kikae. Sasa baada ya miaka miwili mitatu kinaota ukungu. Ni kawaida, mzee wangu. Kule hospitali kubwa kuna mashine ya mwanga, inakitoboa. Hata damu huioni. Unaingia, unatoka, unaona."

"Ni kawaida?" Libérat aliuliza. "Hata kwa mtu mwema?"

Masele hakuelewa swali. Alimwandikia karatasi.

Mkimbizi hakutoka makazini bila kibali, hivyo Libérat aliandikisha kwamba anakwenda Tabora kununua vitambaa. Alipanda treni Mpanda akiwa na furaha ya mtu anayekwenda harusini. Kaliua wakakaa nusu siku kusubiri mabehewa ya Kigoma, naye hakulalamika. Kutoka Tabora alipanda basi siku nzima hadi kwenye hospitali yenye mashine, na huko alipokewa na daktari kijana aliyeitwa Makarius, mtu wa maneno machache, aliyemwekea kidevu kwenye darubini akaangalia muda mrefu mno.

"Nani kakwambia ni kiwamba?"

"Masele wa Mpanda."

"Masele si mwongo, hana darubini tu. Kiwamba chako ni kisafi. Kioo chenyewe ndicho kibovu. Umeshaona birika la chai la zamani kwa ndani?"

"Nimeona."

"Lile gamba jeupe. Chokaa. Kioo chako kimeota chokaa."

Libérat alifikiri kidogo, kifundi. "Basi kisuguliwe."

"Hakisuguliki. Chokaa imeota ndani ya plastiki yenyewe."

"Na ule mwanga?"

"Nikiupiga nitatoboa kiwamba kizima bure, na kioo kitabaki vilevile. Kisha hata atakayetaka kukitoa nitakuwa nimemharibia kazi."

"Kitoe basi. Niwekee kingine."

Daktari Makarius alizima taa ya darubini. "Kimeshikamana. Ungekuwa na macho mawili ningejaribu. Una moja. Likiharibika mkononi mwangu, huna tena hata huo mwanga wa mchana. Sithubutu, mzee. Na sijui wa kukutuma kwake." Aliomba ile kadi aliyopewa kambini, yenye karatasi ndogo ya kunata inayotaja aina ya kioo. Aliisoma akatikisa kichwa. "Hivi hivi. Wewe ni wa tano kumwona. Vingine vinakaa salama, vingine vinaanza mwaka wa pili au wa tatu. Nitawaandikia wanaovileta."

"Daktari, hii si dhambi?"

"Dhambi ya nani? Ya aliyekitengeneza, labda."

Ndani ya treni ya kurudi, kilichomjia kwanza ni furaha, na aliionea aibu furaha hiyo. Hakuwa ameanguka! Ile buluu ya kwaya haikuhusika! Furaha ilidumu mpaka mto Ugalla. Baada ya hapo aliwaza mambo mawili, akachoka. La kwanza ni kwamba atapofuka, na hakuna mahali pa kwenda. La pili ni kwamba akitaka kusema kanisani kuwa aliyeharibika ni kioo, itabidi aseme pia kuwa aliyefungua macho alikuwa kioo, na kwamba kwa miezi alikuwa akitunga uzi kwa hila ya waya. Alijiambia atasema Jumapili. Jumapili ilifika, akajiambia ijayo. Mwezi Machi ukaisha hivyo, na Aprili.

Julai Mchungaji Anicet akasimama na tangazo. Madaktari wanarudi Agosti, Kawajense, ukumbi uleule. Vipofu wote wa Katumba waandikishwe. "Na mwenye hofu," alisema, "aangalie mkono wa Bwana. Fundi Libérat, njoo mbele."

Alikwenda. Angefanya nini? Kitanzi cha waya kilikuwa kwenye pindo la mkono wa shati, na vidole vilijua kazi yao. Aliinua sindano juu kuelekea dirishani kama mtu anayelenga tundu, na uzi ukapita. Kanisa likapiga kelele. Libérat aliona rangi nyingi zikitikisika bila sura hata moja, akatabasamu kuzielekea.

Baada ya ibada Prisila alimshika mkono, akamvuta pembeni kwenye ukuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikavu na ulimi usiopoteza muda.

"Musaza wanje," alimwambia, maana hivyo ndivyo dada wa Kirundi anavyomwita kaka yake, "hao wanapiga makofi, mimi sioni wanachopigia. Niambie wewe. Jicho lako liko kama siku ile?"

Sasa hapo alikuwa na nafasi. Wawili tu, ukutani, na aliyeuliza ndiye mtu aliyempenda kuliko wote duniani. Alisema moyoni: nikimwambia hapana, atarudi kwenye kamba mpaka azikwe. Nikimwambia ndiyo, atapata miaka miwili, labda mitatu, labda kioo chake kitakuwa katika vile vinavyokaa salama. Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na neno lingine, nalo lilikuwa benchi la nyuma, na hilo ndilo lililomsukuma ulimi.

"Kama siku ile," alisema.

"Basi nitakwenda. Kamba imenichosha."

Siku ya kambi alimkalisha kwenye keria ya baiskeli, akaisukuma kutoka Katumba hadi Kawajense kwa mazoea ya miguu, akipotelea ukingoni mwa njia mara mbili. Prisila alicheka, akadhani ni kokoto. Ukumbini kulikuwa na watu sitini kwenye mabenchi, kila mmoja na ndugu wa kumshika mkono, na ukutani Masele akiandika majina. Libérat alimwacha dada yake akipimwa, akamfuata Masele alipokuwa anafungua maboksi nyuma ya pazia. Akampa kadi yake ya 1996.

"Nisomee hii. Kisha unisomee boksi."

Masele alisoma moja, akasoma jingine, akarudia. 

"Ni hivi hivi," alisema mwishowe. "Mzee Libérat, tunajua. Barua ya Makarius ilifika. Mkubwa wao akasema si vyote vinaharibika, na ndivyo tulivyopewa, hatuna vingine. Tufunge milango, tuwarudishe watu sitini gizani? Nimelala nalo hilo jambo."

"Hakuna namna nyingine?"

"Ipo ya zamani. Anatolewa mtoto wa jicho, haingizwi kitu. Anavaa miwani minene, ile kama vitako vya chupa. Inakera, inavimbisha kila kitu, ukiivua huoni. Lakini haioti chokaa. Kule misheni wanayo, naweza kumwagizia." Masele alimshika bega. "Wengine sijui jinsi ya kuwaeleza, daktari kaniambia nisiwatie hofu. Lakini dada yako ni wako. Mwambie, achague mwenyewe. Akitaka miwani, aseme kabla hajalala mezani. Akishalala, ndiyo basi."

Kutoka pale pazia hadi kwenye benchi la Prisila ni hatua kumi na mbili. Libérat alizitembea. Alikaa. Walikuwa na muda mrefu, kwani kulikuwa na watu saba mbele yao, na ningeweza kuwaambia kwamba kelele zilikuwa nyingi, au kwamba kuna mtu alikuja kukaa katikati yao. Hapana. Kulikuwa kimya na walikuwa wamegusana mabega.

"Dada," alianza.

"Mm."

"Kuna jambo."

"Kama ni la kisu, usinitajie. Naliwaza jicho lako tu." Akampapasa goti. "Bila wewe nisingekuja, unajua? Wangenifunga kamba wanilete. Mtu mwingine yeyote angeniambia, nisingemwamini."

Kumwambia habari ya miwani ilikuwa kumwambia habari ya kioo, na kumwambia habari ya kioo ilikuwa kumwambia kwamba ukutani kwa kanisa, alipoulizwa kwa upole, alidanganya. Watu sita wakabaki. Watano. Alihesabu majina yakiitwa kama mtu anayesubiri mwingine aje amwokoe.

"Mezani usitikisike," alisema.

"Nitakuwa gogo," alijibu Prisila. Jina lake likaitwa, Masele mwenyewe akaja kumchukua. Alimtazama Libérat kwa kumuuliza, lakini Libérat hakuiona ile sura, naye Masele akadhani kimya kile ni jibu.

Walilala pale ukumbini na wagonjwa wengine. Asubuhi yake Mchungaji Anicet alifika na lori la tumbaku aliloomba kwa mtu, amewaleta watu saba wa kundi la 1996 ili wawaimbie waliofunguliwa bandeji. Salvatori alikuwa mbele, na miwani yake ya jua, na Immaculata kando yake. Walipangwa karibu na mlango, wakaanza kuimba.

Masele alifungua bandeji za Prisila polepole. Yule mama alibaki amefumba. Kisha akafumbua, akatikisa kichwa, akafumba, akafumbua tena.

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Gauni la yule dada ni la kijani. Lina mistari." Akaangalia mikono yake pande zote mbili. "Hii ni ya nani? Mikono hii ni ya bibi yetu!" Watu wakacheka, naye akacheka, akalia. "Musaza wanje yuko wapi? Nimwone alivyozeeka."

Libérat angeweza kutoka nje. Alilifikiria. Lakini sauti ile ilimwita kama alivyokuwa akiitwa akiwa na miaka mitano, na miguu yake ikaitika. Alisimama mbele yake. Prisila alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamvuta karibu na mwanga wa dirisha.

"Umekuwa mzee, Libérat! Una kipara! Mbona hukuniambia una kipara?" Alicheka bado. Alimgeuza uso upande wa kushoto, ambako jicho lililokufa alilijua tangu zamani, akaugeuza upande wa kulia. Alisogea mpaka pumzi zao zikakutana.

"Hili ndilo walilolitengeneza?"

"Ndilo."

"Katikati kuna weupe. Kama uji umeganda." Kidole chake kilisimama karibu na kope bila kugusa. "Unaona vidole vyangu vingapi?"

Kwaya ilikuwa bado inaimba mlangoni.

"Ulisema kama siku ile."

"Nilisema."

"Na yangu?"

"Ni vioo hivyo hivyo," alisema Libérat. Sasa maneno yalitoka kwa urahisi, yalipokuwa hayana faida tena. "Vingine vinakaa salama. Changu kilianza mwaka wa tatu. Hakuna dawa. Nilikwenda mpaka kwenye mashine, wakanirudisha."

Prisila alimgeukia Masele. "Nyie mlijua?"

"Mama, tulijua." Masele naye alikuwa ameshtuka. "Lakini si alikueleza? Jana nilimwambia akueleze uchague. Kioo, au miwani minene. Miwani haiharibiki. Sikusikia kitu, nikajua umechagua kioo."

Prisila alikaa kitandani mikono mapajani. Wimbo ulikuwa umekatika; wale wa mlangoni walikuwa wamesikia. Libérat alingoja matusi. Angeyashukuru.

"Ningevaa," alisema Prisila, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ningevaa hata vitako vya chupa vyenyewe. Ungeniambia ukutani pale nisingekuacha. Ungeniambia jana kwenye benchi, ningevaa. Ulinionea huruma gani, Libérat? Ulijionea wewe."

Mzee Salvatori alitoka mlangoni akipapasa ukingo wa vitanda. Alisimama mbele ya Prisila, akavua miwani ya jua, akainama.

"Niangalie na mimi," alisema.

Prisila alinyanyuka akamwangalia. "Na wewe," alisema. "Yote mawili."

"Tangu mwaka jana," alisema Salvatori. "Mimi nilidhani ni yule mwanamke wa Mpanda Ndogo. Nimetubu, nimefunga, nimemwomba mke wangu msamaha kwa jambo ambalo hakulijua. Nyumba imevunjika."

"Mimi nilidhani ni kwa sababu nilimlaani mkwe wangu," alisema Immaculata. Alikuwa analia. "Naimba kwa kukariri. Kitabu nakishika tu."

Mchungaji Anicet alisogea pembeni. Prisila alipita mbele ya mstari wao, mama mfupi mwenye macho mapya ya siku moja, akiwashika videvu na kuwaelekeza dirishani mmoja mmoja. Hakuna mwingine aliyewahi kuwaangalia kwa karibu hivyo. "Wewe bado," alimwambia mmoja, na yule akakaa chini. "Wewe limeanza. Wewe bado. Na wewe." Wenye ukungu walikuwa wanne kati ya saba, ukimwongeza Libérat watano. Karibu mwaka mzima walikuwa wamekaa benchi moja, wameimba kitabu kimoja, na kila mmoja alikuwa ameungama peke yake dhambi iliyokuwa imetoka ndani ya boksi.

Nyuma ya pazia daktari aliita mgonjwa wa kwanza wa siku ile. Mabenchi yalinong'ona. Vipofu waliuliza ndugu zao kuna nini, nao hawakujua waanzie wapi. Wachache waliondoka. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti ni miaka mingapi, akaambiwa miwili, mitatu, akasema hiyo yeye mwenyewe hana, akaingia. Wengi walibaki wamekaa, kwani nyumbani kulikuwa na giza lilelile waliloliacha.

Libérat alitafuta njia ya kutoka kwa kufuata ukuta. Prisila alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ukumbi, peke yake, uso kaelekeza barabarani, ambako siku ya Kawajense ilikuwa inaanza: baiskeli, mbuzi, wanawake na ndoo. Alimjua kwa rangi ya kanga yake. Alikaa kando yake, akamgusa kiwiko.

"Dada," alisema. "Twende nyumbani. Nitakusukuma."

Prisila hakugeuka.

"Usinisemeshe, Libérat," alisema. "Naangalia."